Mguu wa Nne wa Meza

KOKO ORPA: Haloo! Sema kwanza we ni nani, hii simu yangu haioneshi tena majina.

GABRIELLA: Koko, ni mi. Gabi.

KOKO ORPA: Gabi gani?

GABRIELLA: Koko! Uko na ba-Gabi wangapi?

KOKO ORPA: (anacheka) Moja tu, mjukuu wangu. Nilitaka uongee tena, nisikie kama ile mafua imetoka. Habari ya Lilongwe, mama yangu?

GABRIELLA: Muzuri. Uliamka vipi? Magoti je?

KOKO ORPA: Magoti yako pale pale, hayajapanda minibasi. Umekula?

GABRIELLA: Nitakula. Sikiliza, Koko, niko—

(nyundo: ko, ko, ko)

GABRIELLA: Ni nani anagonga?

KOKO ORPA: Ni Wilondja, jirani. Anagonga-gonga kitu hapa mlangoni. Sema tu, nakusikia.

GABRIELLA: Niko Chilinde, kwenye duka ya Gatete, ule Munyarwanda mwenye kuuza mashini za mkono wa pili. Koko, ni leo. Patroni wangu amenituma kuchagua ordinatere.

KOKO ORPA: Ile ya kuchorea manyumba?

GABRIELLA: Njo hiyo. Biro ya patroni njo inalipa, mi nachagua tu. Aliniambia, we Gabriella njo utaitumia, chagua mwenyewe. Kuko mbili. Moja ni laptopu, ingine ni ile kubwa ya kukaa mezani, na sanduku yake na kioo yake. Gatete anafunga saa kumi, ako na mazoezi ya kwaya, na kesho asubuhi patroni anasafiri. Kwa hiyo ni sasa.

KOKO ORPA: Ukichukua laptopu inakuwa vipi?

GABRIELLA: Natia kwenye begi, napanda minibasi, napanda baiskeli ya kabaza pale barabarani, nafika kwako kambini Dzaleka. Patroni alikubali. Nitachorea kwako nyumbani, kisha Ijumaa nashuka Area 18 kupeleka kazi.

KOKO ORPA: Na ile kubwa?

GABRIELLA: Ile kubwa haitembei, Koko. Inaomba umeme wa siku nzima, hiyo sola yako itaizimisha kwa dakika mbili. Itakaa Area 18 kwenye biro. Na mi nitakaa huku nayo.

(mtandao unakwaruza)

GABRIELLA: Koko? Umenisikia?

KOKO ORPA: Nimesikia. Basi ni laptopu.

GABRIELLA: Njo nilikuambia Pasaka. Nilisema nitarudi.

KOKO ORPA: Ulisema. Mi sikukukumbusha.

GABRIELLA: Hapana. Haujanikumbusha hata siku moja.

KOKO ORPA: Eh. Sasa hiyo laptopu, upana yake ni namna gani?

GABRIELLA: Upana? Ni inchi kumi na—

KOKO ORPA: Achana na hizo. Weka mkono juu yake, fungua vidole, kutoka gumba mpaka kile kidogo, sawa unapima kiuno ya mutoto.

GABRIELLA: (anacheka) Gatete ananiangalia, Koko.

KOKO ORPA: Aangalie. Ni ngapi?

GABRIELLA: Moja... mbili. Mbili kasoro kidole.

KOKO ORPA: (mbali na simu) Mikono mbili, baba! Na uongeze fasi ya kuegemea! Na ya kikombe!

GABRIELLA: Unaongea na nani?

KOKO ORPA: Na Wilondja. Anatengeneza... anatengeneza nyumba ya kuku.

GABRIELLA: Kuku inakunywa chai na kikombe?

KOKO ORPA: Kuku za siku hizi, mama, utasema nini. Endelea.

GABRIELLA: Na sisikie mashini yako ya kushona. Saa hii unashonaka.

KOKO ORPA: Nimeisogeza kidogo. Pale kwa dirisha jua ilikuwa inapiga sana.

GABRIELLA: Koko, we mwenyewe ulisema bila ile mwangaza haupitishi uzi kwenye sindano.

KOKO ORPA: Nitapitisha. Nivute kiti tu. We niambie, hiyo laptopu inafanya kazi muzuri?

GABRIELLA: Muzuri sana! Gatete ameifungulia villa moja ya orofa tatu, na piscine ya kuogelea, na miti. Ameigeuza hivi, hivi, fyu, fyu. Sawa maji.

KOKO ORPA: Hiyo villa ni ya nani?

GABRIELLA: Si ya mutu. Iko ndani yake, ya kuonesha bateja.

KOKO ORPA: Aaa. Basi hiyo ni kitambaa yake.

GABRIELLA: Kitambaa ya nani?

KOKO ORPA: Ya muuzaji. Niliisha kukuhadisia ile mashini niliyonunua Uvira?

GABRIELLA: Ile ya kuvunja sindano?

KOKO ORPA: Njo hiyo. Ule mzee alitia kipande nyepesi ya poplini chini ya mguu wa mashini, akakanyaga, ikashona sawa inaimba. Nikaibeba kwa kichwa mpaka nyumbani, shingo inaniuma, mi nacheka pekee njiani. Kesho yake naweka jeans ya babu yako, pale kwa pindo, kunjo nne. Sindano, kra! Ya pili, kra! Na haikuwa mashini mbaya. Ilikuwa mashini ya poplini. Tangu siku ile, hata mutu akitaka kuniuzia mkasi, nakuja na kitambaa yangu, ile nzito kushinda zote. Sasa we, nzito yako ni gani?

GABRIELLA: Kuko ile ghala ya Nathenje, ya mwenye mahindi, lakini hiyo ni nyepesi, ni kuta nne na—

KOKO ORPA: Nyepesi sikuuliza.

GABRIELLA: Ni nyumba yako, Koko. Ya Mboko, yenye muliacha.

KOKO ORPA: Ile? Ile iko na vyumba vinne tu!

GABRIELLA: Vyumba si kitu. Ni tofali. Wengine wote banachora ukuta laini, banapaka alama ya tofali juu yake, basi, imeisha. Mi nilichora tofali moja moja. Sababu kila mara nilikuuliza ukasema usiruke, usiruke, upande wa jikoni ziko kumi na moja nyeusi—

KOKO ORPA: Ziliungua sana kwenye tanuru. Babu yako alikataa kuzitupa.

GABRIELLA: Njo hivyo. Sasa kila tofali, mashini inalazimika kuijua pekee yake. Nikiigeuza, inazigeuza zote.

KOKO ORPA: Izijue. Mi nazijua. Uko nayo hapo?

GABRIELLA: Niko nayo kwenye flashi, hapa shingoni. Lakini Koko, haina lazima. Kazi ya biro haina tofali mingi vile.

KOKO ORPA: Kazi ya leo. Wakikuletea hospitali mwaka ujao, utasema ngojeni nirudi kwa Gatete? Tia, mama. Mi nangoja.

GABRIELLA: Itakawia.

KOKO ORPA: Ikawie. Mi ninaenda wapi?

(nyundo: ko, ko; upande wa Gabriella sauti ya mwanaume inacheka)

GABRIELLA: Gatete anacheka. Anauliza ni mwalimu gani alinifundisha kuchora tofali moja moja.

KOKO ORPA: Mwambie ni mi. Nilifika darasa la tatu.

GABRIELLA: (anacheka) Amekushukuru: zikomo, mwalimu. Bado inafungua... bado... Haya! Imefunguka! Naona mbele ya nyumba. Baraza, ngazi mbili, ile nguzo yenye ilipasuka.

KOKO ORPA: Ingia.

GABRIELLA: Naingia. Sebule. Inakokota kidogo, Koko, nikisukuma inangoja, kisha inaruka. Meza... kiti ya Babu...

KOKO ORPA: Pole pole. Acha kiti upande wa kuume. Pita uende jikoni.

GABRIELLA: Napita.

(kwenye simu kunasikika feni ya mashini inavuma)

KOKO ORPA: Hiyo upepo ni ya nini?

GABRIELLA: Ni ya mashini. Inajipoza.

KOKO ORPA: Umefika?

GABRIELLA: Nimefika. Niko jikoni, naona mafiga matatu, dirisha iko kushoto, zile tofali nyeusi ziko chini yake, kumi na moja, iko sawa kabisa. Mashini ni muzuri, Koko. Nimwambie Gatete aifunge, eh? Aifunge tu, mi nichukue—

KOKO ORPA: Gabi.

GABRIELLA: Eh, Koko.

KOKO ORPA: Umejibu mbio sana. Sebuleni ulikuwa unakokota. Jikoni umefika sawa ndege na tofali umeisha kuhesabu? Mutu mwenye anaangalia kitu anaongea pole pole. We umesema ya kichwani. Sikasiriki, mama. Iko wapi?

GABRIELLA: Imesimama mlangoni. Kioo imekuwa nyeupe yote. Nikiweka mkono chini yake, inachoma.

KOKO ORPA: Kwa nini imesimama?

GABRIELLA: Iko na memori ndogo. Memori ni... ni fasi mashini inatandika kazi yake wakati inaifanya.

KOKO ORPA: Sawa meza ya kukatia kitambaa.

GABRIELLA: Njo hiyo! Njo hiyo kabisa.

KOKO ORPA: Ukiwa na meza ndogo, gauni ya harusi inaanguka chini. Unakata kidogo, unavuta, unakata, unavuta. Jioni imefika na mkono mmoja haujaisha.

GABRIELLA: Laptopu iko na nane. Ile kubwa iko na thelathini na mbili.

KOKO ORPA: Haiongezeki?

GABRIELLA: Gatete anasema kwa hii imechomelewa ndani. Itakaa nane mpaka ikufe. Tena haina kadi yake ya picha. Kwenye ile kubwa kuko wawili, moja anafikiri, mwenzake anachora kwenye kioo. Hapa kuko moja, anafanya zote.

KOKO ORPA: Sawa mi saa hii. Nakata mi, nashona mi, napiga pasi mi.

GABRIELLA: Mbele ulikuwa na Odette wa kupiga pasi.

KOKO ORPA: Mbele, kabla hajapelekwa ng'ambo. Alinitumia picha juzi. Amesimama kwenye theluji mpaka magotini, amevaa makoti mawili, ile ya juu haina hata pindo ya maana.

GABRIELLA: Ungemwambia.

KOKO ORPA: Nimwambie ailete nimurekebishie? (anacheka) Na laptopu yenye nguvu zaidi haiko hapo?

GABRIELLA: Haiko. Patroni alisema moja kati ya hizi mbili.

KOKO ORPA: Basi hiyo flashi, tia kwenye ile kubwa.

GABRIELLA: Koko, ile kubwa mi sijaiuliza.

KOKO ORPA: Mi njo nauliza.

GABRIELLA: Ya nini? Haitafika Dzaleka. Hata ikiruka juu, haitafika.

KOKO ORPA: Kuangalia tu si kununua. Tia, mwanangu. Nataka kufika jikoni.

(mtandao unakwaruza)

KOKO ORPA: Gabi? Haloo? Umekatika?

GABRIELLA: Niko. Inafunguka. Koko... imefunguka déjà, tayari kabisa. Hata sijamaliza kukaa kwenye kiti.

KOKO ORPA: Anza kwa baraza.

GABRIELLA: Baraza. Ngazi... mbili. Nguzo... naona mpasuko, unapanda mpaka... mpaka kwa bati. Mlango.

KOKO ORPA: Eh, sasa unaangalia.

GABRIELLA: Sebule. Kiti ya Babu, upande wa kuume. Kivuli yake iko kwa sakafu, ile nyingine haikunionesha kivuli. Napita... mlango wa jikoni.

KOKO ORPA: Inasimama?

GABRIELLA: Haisimami.

KOKO ORPA: Feni?

GABRIELLA: Hata sisikie. Niko jikoni, Koko. Mafiga. Figa moja iko pembeni kidogo, sikumbuke kama nilikuwa nimeipinda.

KOKO ORPA: Mi nilikuambia uipinde. Sufuria kubwa ilikuwa inaomba hivyo. Tofali?

GABRIELLA: Ngoja... tatu... saba... tisa, ingine iko nyuma ya mtungi... kumi na moja.

KOKO ORPA: Toka kwa mlango wa nyuma.

GABRIELLA: Natoka. Kuko kamba ya nguo. Kuko mchikichi.

KOKO ORPA: Rudi nyuma mpaka kwenye mchikichi, kisha geuka.

GABRIELLA: Nageuka.

KOKO ORPA: Unaiona yote?

GABRIELLA: Naiona yote.

(nyundo: ko, ko, ko, ko)

KOKO ORPA: Iko muzuri?

GABRIELLA: Iko muzuri, Koko. Jua imepiga kwa bati.

KOKO ORPA: Bati ilikuwa mupya. Ilikuwa haijamaliza hata mvua moja.

GABRIELLA: Najua.

KOKO ORPA: Haya. Mwambie Gatete akufungie hiyo.

GABRIELLA: Hapana.

KOKO ORPA: Akufungie kubwa, mama.

GABRIELLA: Hapana, Koko! Ulisema kuangalia si kununua! Nachukua laptopu. Ya biro itaweza, ghala, duka, manyumba madogo. Na hii ya Mboko nitaifuta tofali, nitaweka ukuta laini na alama juu, nani atajua? Itakuwa nyepesi, itafunguka hata—

KOKO ORPA: Utafuta tofali zangu?

GABRIELLA: Si kufuta... ni...

KOKO ORPA: Nilikaa na we usiku ngapi tukizihesabu? Na ukimaliza zangu, za bantu wengine utafuta nini? Watakuletea shule, utatoa madirisha? Utatoa ngazi?

GABRIELLA: Nitaruka kidogo tu.

KOKO ORPA: Hapana. Hautajifunza kuruka sababu yangu.

GABRIELLA: Lakini we uko pekee, Koko.

KOKO ORPA: Mi niko na kanisa, niko na mashini, niko na Wilondja hapa anapiga kelele tangu asubuhi. Nani amesema pekee?

GABRIELLA: Bado unapika nsima ya watu wawili?

KOKO ORPA: ...Ile sufuria haijui kupika ya mutu moja. Inayobaki, kuku za Wilondja zinakula.

GABRIELLA: Kuku ni za Wilondja?

KOKO ORPA: Za nani ingine?

GABRIELLA: Basi ile nyumba ya kuku anagonga kwako ya nini?

KOKO ORPA: (mbali na simu) Wilondja, baba... ngoja. Ngoja kidogo. Acha nyundo.

GABRIELLA: Umemwambia nini?

KOKO ORPA: Apumzike. Jua kali.

GABRIELLA: Imeisha?

KOKO ORPA: Imebaki mguu moja.

GABRIELLA: Nyumba ya kuku iko na miguu?

KOKO ORPA: Kuko panya mingi, Gabi. Usiniulize-ulize, unite zako za simu zinakwisha. Gatete ameisha kufunga?

GABRIELLA: Anaangalia saa. Amevaa déjà shati ya kwaya. Koko, niseme nini?

KOKO ORPA: Sema kubwa.

GABRIELLA: Sema we.

KOKO ORPA: Mi si mwenye kuichorea. Sema kwa mdomo yako, nisikie.

GABRIELLA: (mbali na simu) Gatete... ile ya mezani. Eh. Hapana, hii laptopu rudisha. Eh, nimehakikisha. (kwenye simu) Nimesema.

KOKO ORPA: Nimekusikia. Ifunge na blanketi, si karatasi. Njia ya Area 18 iko na matuta. Na sanduku yake usimpe mutu mwingine kubeba.

GABRIELLA: Nitakuja kila Jumamosi. Kila Jumamosi, Koko, naapa.

KOKO ORPA: Usinipe Jumamosi zote, hautaziweza. Nipe moja, yenye utaweza.

GABRIELLA: ...Ya mwisho wa mwezi.

KOKO ORPA: Basi hiyo. Hiyo nitapika ya wawili na sitaona haya.

(simu inalia: tii, tii)

GABRIELLA: Koko, unite, imepiga kengele—

KOKO ORPA: Kula basi, usilale na chai tu—

GABRIELLA: Nitakula. Rudisha mashini yako kwa dirisha! Umesikia? Utaharibu macho—

KOKO ORPA: Nitarudisha. Salimia patroni, mwambie—

GABRIELLA: Koko, ile meza, iko upande wa—

(tii)

KOKO ORPA: Gabi? ... Haloo? ... Mama? ... Imekatika.

(Wilondja anaanza kukusanya misumari)

KOKO ORPA: Hapana, Wilondja. Hapana, baba, usikusanye misumari. Atakuja ya mwisho wa mwezi. Piga tu mguu wa nne, meza yake ya miguu tatu itasimama vipi? ... Pale pale, kwa dirisha. Na ile fasi ya kikombe, iache.